Bitana ya Bosi

6 Machi

Mwanangu Msomi,

Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaituma, maana najua ungesahau. Huku hatujambo. Mguu wa kulia umeacha kuuma, sasa unauma wa kushoto, nadhani imepangiana zamu. Yule mteja wangu mwenye kitambi amerudisha suruali kwa mara nyingine akidai nimeibana. Nimemwambia suruali haijawahi kunenepa. Amenuna, lakini kaiacha niipanue.

Usinipigie simu. Imetumbukia kwenye ndoo ya wanga niliyokuwa nimelowekea kola za mashati. Nikaitoa, nikaianika, na sasa imekakamaa kuliko kola zenyewe. Haisemi kitu. Raha ninayoipata sikuitegemea, hakuna tena mtu wa kuniuliza gauni lake limefikia wapi. Kwa hiyo tuandikiane kama watu wazima.

Likizo ya uzazi ya binti yangu, dada yako, imekwisha, amerudi kule bohari kuhesabu majokofu ya watu. Mtoto nimeachiwa mimi. Tunamwita Bosi, kwa sababu tangu azaliwe hajashika kazi hata moja, mchana kutwa amelala, na akiamka ni kufoka tu huku wengine wanakimbia. Dada yako hukamua maziwa asubuhi, anayaacha kwenye chupa, nami namnywesha huku mguu mmoja uko kwenye pedali ya cherehani. Basi analia huyo! Analia akiwa na njaa, analia akishiba, na kuna kilio cha katikati ambacho sijakijulia sababu.

Ningemfundisha dada yako ushonaji, leo angekuwa anafanya kazi hapahapa nyumbani na mwanawe. Unaikumbuka ile mito ya viti aliyoshona? Niliifumua yote. Siwezi kukaa chumba kimoja na mshono mbovu, hata nikiwa mgonjwa nitainuka nikaufumue. Alilia, akaapa hatashika sindano tena, na kweli hajashika.

Sasa nina swali. Watu wananiuliza unafanya kazi gani huko. Nimekuwa nikisema daktari. Juzi mwenye duka la vifungo akauliza, daktari wa nini? Nikabaki nimeshika zipu mkononi. Niambie ukweli, tena uniambie kwa lugha ya mtu anayeshona, si ya mtu anayesoma.

Shangazi yako wa pekee, ukibisha nitajie mwingine


19 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Hii ni ya kweli, imeandikwa na imetumwa. Nimefurahi kwamba miguu inagawana kazi. Mimi mzima. Paa la chumba changu linavuja juu ya kitanda, nimehamisha kitanda, na tobo nalo naona limehama.

Mimi si daktari, Shangazi. Mimi natega mikojo. Usiitupe barua, endelea kusoma. Kwenye mradi wetu tunawapa watoto wachanga kinywaji chenye sukari za aina mbili, moja ya chembe ndogo na nyingine ya chembe kubwa. Kisha nambandika mtoto kimfuko cha plastiki mahali unapopajua, naketi na mama yake, tunasubiri. Chembe ndogo zinaruhusiwa kupenya kwenye utumbo na kutokea kwenye mkojo. Zile kubwa haziruhusiwi. Nikizikuta kubwa kwenye kimfuko, najua utumbo wa huyo mtoto unavuja. Wiki iliyopita kimfuko kilibanduka, na tai yangu imekuwa sehemu ya utafiti.

Kwa lugha yako ni hivi. Utumbo una bitana kwa ndani, kama koti. Bitana hiyo ni vipande vidogo mno, vimeshonwa kimoja ubavuni mwa kingine. Mtoto akizaliwa, mishono yake ni kama imepigwa bandi tu, ile ya kushikiza kabla ya kushona. Nyuzi zimeachana, kitambaa legelege, na vitu visivyohusika vinaweza kupenya vikaingia mwilini kuleta fujo. Kadiri miezi inavyokwenda mishono hukaza, na anacholishwa mtoto siku hizo za mwanzo ndicho kinachosaidia kuikaza au kuiharibu. Ndiyo kazi yetu, kuangalia bitana za watoto zimekaza kiasi gani.

Nimejipenda sana baada ya kuandika hivyo. Nimemsomea mkuu wangu wa kazi, akacheka mpaka akavua miwani, akasema hajawahi kusikia ikielezwa vizuri namna hiyo. Karatasi imeniishia hapa. Bosi ananyonya tu, sivyo?

Mpwa wako, Mtega Mikojo


4 Aprili

Mwanangu,

Salamu zako nimezigawa kwa wanaostahili, zilizobaki nimejiwekea. Mguu wa kulia umerudi zamu. Mwenye kitambi ameichukua suruali, ameketi, na imepasuka palepale dukani kwangu, mbele ya mteja mgeni. Mimi nilitazama dari.

Yule wa vifungo nimemweleza kazi yako jinsi ilivyo. Amesema tuendelee na daktari.

Lakini ile habari ya bitana, mwanangu, nimeielewa yote, peke yangu, bila kuuliza mtu. Nilipomaliza kusoma niliinuka nikaenda kumtazama Bosi, nikamwona kwa macho mapya. Maskini wa watu, kumbe kapigwa bandi tu! Ndiyo maana analia. Na wewe umekwenda shule miaka yote hiyo kuja kuniambia kwamba kitambaa ni legelege, kama vile dawa ya kitambaa legelege haijulikani. Mimi naijua tangu nilipoanza kushika pasi. Nimekwisha kuianza. Sasa hivi Bosi analala mpaka namsogelea kuona kama anapumua.

Dada yako akirudi jioni anamkuta katulia, ananisifu. Sijamwambia chochote, hizo ni siri za ufundi. Nimemshonea Bosi kofia kwa mabaki ya suti. Anafanana na karani aliyestaafu.

Uoe. Najua ni vigumu kumpata atakayevumilia harufu ya kazi yako, lakini jaribu.

Shangazi yako, fundi wa mishono yote


15 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Pole ya mguu, pole ya suruali. Mimi nasumbuliwa na mafua tu.

Barua yako nimeisoma nikacheka, halafu nikaisoma tena nikaacha kucheka. Nilikuuliza kama Bosi ananyonya tu. Umenijibu kuhusu suruali, kuhusu vifungo, kuhusu kofia na kuhusu ndoa yangu. Dawa gani hiyo uliyoianza? Shangazi, sikukuandikia ili utie dawa. Nilikuandikia ili uache kuniita daktari.

Nimempigia dada jana. Amesema Bosi hanywi kitu zaidi ya maziwa yake, analala vizuri, na kwamba Mama ana mikono ya ajabu. Nikamwamini, nikapoa. Nimepoa kidogo tu lakini. Niandikie neno moja, dawa gani. Sitaki habari ya mguu.

Mpwa wako


Jumatatu, 4 Mei

Mwanangu,

Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi, usishangae ikifika mapema. Nilichelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa na gauni la bibi harusi. Si kweli. Nilichelewa kwa sababu nilikuwa naogopa.

Dawa ni wanga. Nguo ikilegea unaitia wanga, ulitaka nifanye nini? Si ule wa kola, mimi si mwendawazimu. Wanga safi wa kupikia, ule wa kuufanya mchuzi uwe mzito. Nauchemsha mwepesi kama kiuji, natia kwenye chupa juu ya maziwa ya dada yako. Ulikuwa unaziba, nikapanua tundu la chuchu kwa sindano. Nilianza kwa kijiko. Bosi akalala. Nikaongeza.

Aliharisha, mwanangu. Mwanzoni nikasema ni joto. Kisha macho yakaingia ndani na ile sauti yake ya kufoka ikakatika, akawa analia bila sauti. Tulimkimbiza hospitali. Wamemlaza, wamemtundikia dripu, tulikaa naye huko karibu wiki, na tumerudi naye nyumbani Ijumaa. Amepungua mpaka ile kofia inamfika puani.

Sasa sikiliza nililolifanya. Daktari aliuliza, mtoto anakula nini? Dada yako akajibu, maziwa yangu tu, daktari. Alijibu kwa fahari. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nimebeba blanketi, nikaanza kukagua pindo la pazia la wodi. Pindo lilikuwa sawa tu. Nililikagua mpaka daktari akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Tangu juzi dada yako hamnyonyeshi tena. Amekaa akafikiri, akasema mtoto hakula kingine chochote, basi ubaya umo kwenye maziwa yake. Anampa ya kopo, Bosi anayatema. Yake anayakamua anayamwaga kwenye sinki la jikoni. Anafungua bomba wakati anamwaga, ili nisisikie kama analia. Nasikia.

Usimwambie. Nitajua cha kufanya. Usimwambie, nakuomba.

Shangazi


Jumatano, 6 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sina salamu nyingine.

Nimekasirika mpaka nimeshindwa kula, na sijui nimkasirikie nani. Wewe ulitia wanga, lakini aliyekuambia kitambaa ni legelege ni mimi. Nilijipenda na bitana yangu na bandi yangu, nikamsomea mkuu wangu nisifiwe, na karatasi ikaisha kabla sijasema jambo lenyewe. Jambo lenyewe nalisema leo.

Maziwa ya mama ndiyo uzi, Shangazi. Ndani yake mna vitu vinavyokaza ile mishono, mna walinzi wanaokaa juu ya bitana kuzuia wadudu wabaya, na mna chakula cha wale wadudu wema wanaoishi humo na kuitunza. Tumbo la mtoto wa umri wa Bosi halijaweza kuusaga wanga. Unakaa humo unachacha. Tena ukishalijaza tumbo, mtoto ananyonya kidogo, yaani unampunguzia uzi katikati ya ushonaji. Na lile tundu ulilolipanua sitaki hata kulifikiria. Bosi hakuwa ametulia. Alikuwa ameshindiliwa.

Maziwa ya kopo si sumu. Wapo akina mama wasio na njia nyingine na watoto wao wanakua, nawaona kila siku. Lakini dada anayo yake, mazima, na anayamwaga kwenye sinki.

Sasa nikupe habari moja njema, maana unaihitaji. Bitana ya utumbo haishonwi mara moja ikabaki hivyo. Vipande vya zamani hupukutika na vipya hushika nafasi, kila baada ya siku chache. Arudishiwe maziwa, na Bosi atapata bitana mpya kabla wewe hujamaliza gauni la huyo bibi harusi ambaye nina shaka kama yupo.

Nimeshika simu nimpigie dada, nikaiweka. Nikamshika tena, nikamuacha, tazama, simu naiandika kama mtu. Akilisikia kwangu, atajua kwamba mama yake alimwacha ajione ana sumu kifuani ili yeye asifokewe. Akilisikia kwako, atakufokea tu. Nakupa mpaka Jumamosi jioni. Jumamosi jioni nampigia, na sitasema uongo hata mmoja kwa ajili yako, ingawa nakupenda kuliko shangazi wote niliojaliwa, ambao ni wewe.

Mpwa wako


Ijumaa, 8 Mei

Mwanangu,

Barua imefika. Kondakta kaikunja vibaya. Leo nina mashati ya sare ya shule, mengi, na uzi mweupe umeniishia. Hali ya hewa nzuri. Mwenye kitambi ameagiza suruali ya mpira kiunoni, hatimaye amekubali ukweli.

Bosi amekunywa kidogo asubuhi akatapika.

Kesho ni Jumamosi. Najua. Kalenda ninayo ukutani.

Shangazi


Jumapili, 17 Mei

Mwanangu,

Mimi na miguu yangu yote miwili tunakusalimu. Simu ya dada yako haikulia Jumamosi ile jioni, kwa hiyo najua kwamba dada yako alikuwa amekwisha kukupigia yeye. Sijui alikwambia nini. Ngoja nikwambie mimi ilivyokuwa, kabla hajakupambia habari.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo alikuwa jikoni, bomba limefunguliwa, kikombe mkononi. Mimi nimekaa kwenye cherehani naendesha pedali, na sikuwa nimetia uzi. Nikainuka nikafunga bomba. Nikamwambia usimwage. Akasema, Mama, niache. Nikamwambia maziwa yako hayana kosa, kosa ni langu, nilikuwa namtilia Bosi wanga kwenye chupa.

Akanitazama.

"Wanga?"

"Wanga."

"Mama, ule wa kola?"

"Wa kupikia! Unanionaje?"

"Wanga wa nini kwa mtoto mchanga?"

Basi nikamweleza. Bitana, bandi, kitambaa legelege, yote. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mjinga, na ndivyo nilivyozidi kueleza. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo ulitaka kumpiga pasi mwanangu." Midomo ikamcheza, nikadhani atacheka, kumbe siyo.

Akaniuliza, "Pale hospitali ulikuwa umesimama nyuma yangu?"

Nikasema ndiyo.

"Ukanisikia nikijibu?"

Nikasema nilisikia. Sikusema habari ya pindo la pazia.

Alikinywa kile kikombe, mwanangu. Maziwa yake mwenyewe, akayanywa yote mbele yangu, akakiweka kikombe mezani taratibu. Akamchukua Bosi, akaingia chumbani, akafunga mlango. Mimi nikabaki jikoni. Baada ya muda nikasikia Bosi ananyonya, anavuta kwa nguvu na kuguna, na mama yake analia kwa sauti, bila bomba. Nililia na mimi. Nililia kwa adabu, nisisikike, maana siku ile haikuwa zamu yangu.

Tangu hapo hakunisemesha. Chakula nilikiona mezani, lakini mtu sikumwona. Kila asubuhi alimbeba Bosi akampeleka kwa mke wa mwenye duka la vifungo, akapita mlangoni kwangu na ile chupa, bila kugeuka. Wateja wakaniuliza yuko wapi Bosi, nikasema amepandishwa cheo. Siku nzima nilikuwa naendesha cherehani na duka lilikuwa kimya. Sikujua kwamba kimya cha mtoto kinauma hivyo. Nilikuwa nimekitafuta kwa kijiko, na nilipokipata sikukitaka.

Bosi anaendelea vizuri. Kwanza alinyonya kama anayedai fidia. Maziwa yalikuwa yamepungua, lakini alivyoyang'ang'ania yakarudi. Nilimwona juzi akipitishwa mlangoni, macho yamerudi mahali pake, na akafoka. Nikafurahi kufokewa.

Sasa jana. Jana dada yako alikuwa na zamu ya Jumamosi. Nilisikia hatua zake, nikainama kwenye kazi ili nisimtie aibu ya kunipita. Hakupita. Aliingia, akamlaza Bosi kwenye kile kikapu cha vitambaa alichokizoea, akaiweka chupa juu ya meza ya cherehani, mbele yangu kabisa. Akasema, "Akilia, mbebe. Akilia tena, mbebe tena. Hakuna dawa nyingine." Akaenda kazini.

Chupa ilikuwa imevalishwa mfuko wa kitambaa. Kitambaa ni kile cha suti, mabaki ya kofia, sijui alikiokota lini. Na juu ya mfuko ameshona maneno kwa uzi mwekundu, kwa mkono wake, yeye aliyeapa: MAZIWA TU.

Mwanangu, sijapata kuona mshono mbovu namna ile. Herufi Z imelala chali. Nyuzi nyingine ndefu, nyingine fupi, fundo limetokeza upande wa mbele, na pindo limekwenda kombo mpaka linakutana na herufi ya mwisho. Ni kazi ambayo ningemrudishia mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Bosi amelia mara nyingi tangu jana. Nimembeba kila mara. Mkasi uko mezani, chupa iko mezani, na mfuko nimeufua kwa mkono, nikauanika kivulini usichuje rangi, nikaurudishia chupa yake.

Sijaufumua.

Shangazi yako